Shahidi wa Ndoa ya Makaratasi

Jerioth wa mlango wa pili anasema alimwona kwa macho yake mawili. Anasema Jumanne, saa nne asubuhi, alikwenda mahakamani hapa Fort Worth kwa mambo ya gari lake, akamkuta Dedan wangu amevaa shati jeupe, amemshika mkono mzungu mrefu mwenye nywele kama katani. Jaji akawaambia wabusiane. Jerioth anasema walibusiana mpaka jaji akakohoa.

— Yasinta, umesikia nilichosema?

— Nimesikia, dada Jerioth.

— Na bado unamenya viazi?

— Viazi havijimenyi.

Akashika kiuno.

— Miaka miwili mwanamume anakula chapati zako, leo anaoa mwingine mchana kweupe, na wewe unamenya viazi! Wewe ni mtu ama ni figa?

Nikachukua kiazi kingine. Lile shati jeupe nililipiga pasi mimi.

Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, kwetu Muleba, nikaishia hapo. Texas nilikuja kwa karatasi za baba, nikapata kazi ya kusafisha kwenye kiwanja cha barafu. Ni jengo kubwa, ndani baridi, nje jua linachoma, na watu wanateleza na kucheza dansi humo juu ya barafu, wamevaa viatu vyenye vyuma. Humo ndimo nilimokutana na Dedan mwaka 2017. Mwaka huohuo akaja Liis.

Liis ametoka Estonia, nchi ndogo huko kaskazini. Alivaa viatu vya barafu akiwa na miaka minne. Alikuwa na mwenzake wa kucheza naye, kijana wa kwao, akaacha mchezo akaenda kuoa. Goti la Liis limepasuliwa mara mbili. Kocha mmoja wa hapa ndiye aliyemwambia aje, kuna Mkenya mmoja mrefu, mzaliwa wa Houston, naye hana mwenzake: huyo ndiye Dedan. Tangu hapo wakawa wanaichezea nchi ya Liis, wawili, mkono kwa mkono. Katika mchezo ule majaji wanatoa alama hata kwa namna mnavyotazamana.

— Yale macho ni ya majaji, Yasi, Dedan aliniambia mapema kabisa. — Usiyachukulie moyoni.

Sikuyachukulia. Nilifagia, nikatazama.

Halafu ikafika Julai 2019. Tulikuwa ndani ya gari lake, nje ya kiwanja, kiyoyozi kinaunguruma.

— Viza ya Liis inaisha Desemba, akasema. — Akienda kwao harudi. Na huko hana kocha, hana mtu wa kucheza naye. Miaka ishirini ya maisha yake, yote bure.

— Na wewe?

— Mimi pia nimekwisha. Nina miaka ishirini na saba. Nitampata wapi mwingine?

— Kwa hiyo?

Akaangalia usukani.

— Ni makaratasi tu. Wangapi hapa wamefanya? Tucheze mpaka mashindano ya dunia ya 2022, basi, tunaachana. Wewe karatasi unazo, Yasi. Yeye hana. Kwa hivyo yeye nampa karatasi, wewe nakupa moyo.

Maneno matamu yana ubaya wake. Ukishayameza huwezi kuyatapika mbele za watu.

— Na mama yako?

— Mama asijue kuwa ni makaratasi. Watu wa uhamiaji wanaweza kumpigia. Mama hajui kudanganya.

Mama Dedan, Wanjiku, ni muuguzi, anakaa Sharpstown kule Houston. Alipopata habari kwamba mwanawe ameoa, alitaka washuke kwake; Dedan akaniomba niwasindikize. Tukaenda, masaa manne barabarani, wao wawili mbele, mimi nyuma na mabegi ya viatu. Mama akamkumbatia Liis mlangoni, akamfunga leso kiunoni kwa mikono yake mwenyewe.

— Karibu nyumbani, mami. Umekonda sana, huyu Dedan hakulishi?

Kisha akanigeukia mimi.

— Na huyu ni nani?

— Ni rafiki yetu, akasema Dedan. — Yasinta. Tunafanya naye kazi.

— Asante kwa kuwasindikiza, msichana wangu. Hebu nisaidie na chai, mikono yangu imechoka na wagonjwa.

Nikaingia jikoni. Nikachemsha chai. Nikaipeleka sebuleni, na Dedan akanipa simu yake bila kuniangalia.

— Tupige picha, Yasi. Wakili anataka picha za familia.

Nikawapiga. Mama katikati, bibi harusi kulia, mchumba wangu kushoto.

— Sogeeni, nikasema. — Hampo kama mke na mume.

Wakasogea.

Kuanzia hapo nikawa mpiga picha wao. Sokoni, kanisani, kwenye sofa na blanketi moja. Dedan akahamia kwa Liis, kwa sababu anwani lazima iwe moja. Kwangu alikuja Jumapili, baadaye Jumapili moja moja. Nikimtumia ujumbe, "Umekula?", ananijibu, "Niko mazoezini, nitakupigia." Jerioth akinikuta kwenye ngazi anatikisa kichwa tu. Ningemweleza ukweli, kesho yake Fort Worth nzima ingejua, na keshokutwa watu wa uhamiaji. Nikawa nimefungiwa ndani ya siri yao, funguo wanazo wao.

Oktoba, Liis akaja kwangu peke yake, na daftari. Siku ya kuhojiwa na watu wa uhamiaji ilikuwa imekaribia.

— Yasinta, samahani. Watatuuliza, asubuhi anakula nini?

— Chai na mkate. Mkate anauchovya.

Akaandika.

— Anaogopa nini?

— Paka.

Akacheka. Ana kicheko kizuri, siwezi kumnyima.

— Analala upande gani?

— Upande wa ukutani.

— Hapana, siku hizi ni upande wa mlango, kwa sababu usiku goti likiniuma yeye ndiye anayekwenda kuniletea barafu...

Shingo ikawa nyekundu.

— Kwenye sofa, akasema. — Sofa yetu iko karibu na mlango.

— Andika hivyo, nikamwambia.

Akafunga daftari bila kuandika.

Wiki iliyofuata Dedan akapiga simu.

— Yasi mpenzi, wakili anataka barua ya shahidi. Mtu anayetuona kila siku.

— Mwambieni kocha.

— Kocha ana haraka, ataandika mistari miwili. Hakuna anayetuona kama wewe. Andika kwa Kiswahili, watatafsiri.

— Niandike kwamba unampenda?

— Andika unachoona.

— Mimi kuandika uongo sijui, Dedan.

— Si uchanganye kidogo tu. Tafadhali. Hii ndiyo ya mwisho, halafu ni mimi na wewe.

Niliiandika siku tatu, pole pole, maana mkono wangu umezoea ufagio. Ikatoka hivi:

"Mimi Yasinta, msafishaji, nawafahamu Dedan na Liis kwa miaka miwili na zaidi. Kila asubuhi Dedan humfungia Liis kamba za kiatu cha kushoto, kwa sababu goti likipata baridi halikunjiki. Liis akianguka, hamwinui upesi. Hukaa naye chini kwenye barafu mpaka acheke, ndipo wanasimama. Dedan ni Mkenya lakini hatua huzihesabu kwa lugha ya Liis, hata akiwa peke yake, hata akipanda ngazi. Mkate mweusi wa kwao Liis yeye haupendi, ila kwenye friji yake haukosekani. Mimi hufagia saa kumi na mbili asubuhi. Saa hiyo majaji hawapo, wala watazamaji. Muziki ukiisha, mkono wa Dedan huchelewa kumwachia. Niliyoandika nimeyaona mwenyewe."

Nilianza nikitafuta pa kuweka uongo. Nikafika mwisho bila kuuhitaji.

Dedan alikuja kuichukua Jumamosi mchana, gari linanguruma nje.

— Liis yuko chini, akasema. — Nipe haraka, tunapeleka leo.

— Isome kwanza.

— Nakuamini, Yasi.

— Isome.

Akasoma akiwa amesimama. Akavuta kiti, akakaa. Nikamwona anafika kwenye mstari wa ngazi, anafika kwenye ule wa mkate. Mwishoni midomo ikaacha kutembea.

— Umeandika vizuri, akasema. Sauti ilikuwa chini. — Wataamini.

— Hata mimi nimeamini.

— Yasi...

Honi ikalia nje, mara moja. Akageuza kichwa dirishani kabla hajakumbuka kutogeuza.

Nikaweka kalamu mezani, mbele yake.

— Dedan, mimi sitapiga kelele. Nakuomba kitu kimoja tu. Nionyeshe mstari mmoja hapo ambao ni uongo, niukate.

Akaichukua kalamu. Akaanza kusoma tena, kutoka juu.