Pumzi ya Dobi

Mchana nyumba ya dobi hujaa mvuke. Mashati huning'inia kwenye kamba kama watu wanaosinzia. Mke wake hujilaza kando ya dirisha, akiyatazama yakicheza polepole, mpaka hajui kama yuko macho au anaota.

Mkononi ana mpira mwembamba uliopita ndani ya mshipa. Humo ndimo inamopita dawa yake. Mpira wa kwanza uliingiwa na vijidudu. Homa ikampanda, mpira ukatolewa, na matibabu yakasimama mwezi mzima. Safari hii dobi aliapa kuulinda huu wa pili.

Siku moja muuguzi alikuja kumtazama dobi akibadilisha bandeji inayofunika pale mpira unapoingia. Dobi alinawa mikono kwa sabuni. Wote wakavaa barakoa. Alibandua bandeji ya zamani taratibu, bila kuuvuta mpira. Akanawa tena, akavaa glavu mpya za kwenye pakiti. Akaisugua ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, huku na huku, nusu dakika.

Kisha akashusha barakoa na kupuliza. Fuuu!

"Baba, unafanya nini?" muuguzi alishtuka.

"Naikausha. Mimi nikiona kitu kibichi, sina raha."

Mkewe alicheka. "Huyo hata chai angeipiga pasi."

Muuguzi hakucheka. "Mdomo una vijidudu tele. Ukipuliza, unavipeleka pale pale mpira unapoingia. Usipepee wala usifute. Dawa inaua vijidudu vizuri ikiachwa ikauke yenyewe."

Dobi alinyong'onyea. "Kumbe ule wa kwanza niliuharibu mimi?"

"Hilo hatuwezi kulijua. Vua glavu, umeshika barakoa nazo. Pandisha barakoa, nawa, vaa glavu nyingine, uanze upya."

Alisugua tena. Kisha akasubiri, mikono hewani, asiguse kitu. Mvuke ulielea chumbani. Unyevu uling'aa kwenye ngozi, ukapungua, ukatoweka. Dobi alimtazama mkewe usoni, akaona humo jinsi mkewe alivyompenda. Akabandika bandeji mpya na kuandika tarehe.

"Badilisha kila wiki," muuguzi alisema, "au mara tu ikilowa au kubanduka. Mkiona wekundu, usaha au homa, njooni hospitali siku hiyo hiyo."

Wiki zilipita bila homa. Dawa ikaisha, mpira ukatolewa. Baada ya siku tatu kitundu cha mkononi kilikuwa kimeziba.

"Naenda kuoga," mkewe alisema. "Leo nalowesha mkono wote."

Dobi alisimama nje ya mlango, akisikiliza maji yakimwagika. Alilia kwa furaha, wala hakuona haya.