Maji Matamu Tangini

Asubuhi mhandisi alipofungua kibanda cha mashine ya kuondoa chumvi kwenye maji, alipiga yowe, mtaa mzima ukajaa mlangoni. Mabamba ya kaboni, yanayonasa chumvi kwa umeme mdogo tu wa sola, yalikuwa yamepondwa kwa nyundo. Wageni wa kuyapima walikuwa njiani.

Watu hawakuuliza mara mbili. Mzee mwenye lori la maji alikosa wateja tangu mashine ije, nani mwingine? Walimpiga mpaka jicho likafumba. Kwamba ni baba mzazi wa mhandisi hakukumsaidia kitu. Binti mwenyewe alisimama kando, akitazama.

Kituoni, mzee alikiri kabla hajaulizwa.

"Ulivunja kwa kutumia nini?" inspekta alimuuliza.

"Kwa shoka, mama."

Inspekta hakubisha. Alirudi kibandani, akaokota kipande cha bamba: kikavu kabisa, vumbi limeganda. Akaonja maji ya kisima kinacholisha mashine, chumvi tupu. Akaonja ya tangini, watu wanakochota, matamu. Kisha akavuta mpira wa lori la mzee hadi kwenye mdomo wa tangi. Ulifika, ukaingia barabara.

Alimwita mhandisi kituoni, akaacha wazi mlango wa chumba alimoketi mzee.

"Mashine ilikufa lini?"

"Jana ilikuwa nzima, afande."

"Bamba lililofanya kazi jana lisingekuwa na vumbi. Tangi alikuwa akilijaza baba yako."

Mhandisi aliinamisha kichwa.

"Kaboni ilianza kubanduka mapema. Ile tabaka nyembamba inayoshika chumvi, nikashindwa kuirudisha. Na mtaa mzima unaniita mkombozi! Baba akasema atanisitiri mpaka nipate ufumbuzi. Wageni wangegundua. Nikavunja."

"Na walipokuwa wakimpiga?"

"Ningesema nini? Na sasa ameshakiri mwenyewe. Yeye ni mtu mzima, ameshaishi. Mimi kazi yangu ndiyo kwanza inaanza."

Inspekta alimtia pingu. Alipompitisha mbele ya mlango ule wazi, mhandisi alimwona baba yake, kitambaa chenye damu jichoni.

"Baba, waambie ni wewe! Baba!"

Mzee alimshika mkono askari aliyekuwa akimlinda.

"Mwanangu," alimwambia askari taratibu, "nisaidie kugeuza kiti hiki kielekee ukutani."