Ng'washi Aacha Kujiosha Ndani

Kila asubuhi Ng'washi alikwenda na mumewe Renatus kuchuma pamba, huko Mwandoya. Njiani walipishana na wanawake waliobeba watoto mgongoni. Ng'washi aliwatazama mpaka wapotee. Alitamani mtoto, jamani, alitamani mpaka kifua kikamuuma. Mimba mbili zilikuwa zimetoka, zote changa.

Mama mkwe wake, Esteria, alimpenda. Lakini nia njema si dawa. Alimchemshia majani machungu, akamwambia, "Jioshe ndani, mwanangu. Tumbo likiwa safi, mtoto atakaa."

Ng'washi akajiosha. Akapata mimba ya tatu, akaificha, wenye macho mabaya wasijue. Akazidi kujiosha. Mara akaanza kuwashwa na kutokwa na uchafu wenye harufu.

"Safari hii hatufichi," Renatus alisema. "Twende zahanati."

Muuguzi Wema alimpima, akamuuliza taratibu. Ng'washi akasema yote.

"Ule ute wa ukeni si uchafu, dada," Wema alisema. "Ni ulinzi. Ndani yake mna askari wa mwili. Wanatumiana chembe ndogo sana, ndizo ujumbe wao. Mimba inapokaa, ujumbe mwingi ni wa kutuliza: 'Huyu ni wetu, mwacheni.' Ukijiosha ndani, unaharibu ulinzi, vijidudu vinaingia. Hapo ujumbe unageuka: 'Vita!' Vita vikizidi, mimba inaweza kudhurika."

Ng'washi akaangua kilio. "Kwa hiyo wanangu niliwaua mimi?"

"Hapana. Mimba nyingi hutoka bila kosa la mama. Zako hatujui zilitokaje. Hii tuitunze. Meza dawa hizi mpaka ziishe. Osha nje tu, kwa maji safi. Na kliniki uje mapema, usingoje tumbo lionekane."

Nyumbani Esteria alisikiliza maneno ya muuguzi. Kisha akayamwaga majani yake jalalani. "Na mimi naye! Nilidhani nasaidia."

Ng'washi alipona, akahudhuria kliniki. Hata hivyo hofu haikumtoka. Kila alipoona nguo za watoto gulioni, alizishika, akazirudisha.

Msimu wa kupanda ulipofika, alijifungua mtoto wa kike. Mtoto akalia kwa nguvu, zahanati nzima ikasikia.

"Mnyonyeshe basi, mayu, mama mtoto," Esteria alihimiza. "Analia huyo!"

"Nitamnyonyesha," Ng'washi alijibu, machozi yakimtiririka. "Acha kwanza nimsikie."