Glasi ya Papa Hategekimana

Kila asubuhi saa nne, Gentille alikoroga chungu.

Kahawa nzito, vijiti vya mdalasini, karafuu, maganda ya chungwa, sukari guru. Mama Socorro, mwenye kiwanda, alifundishwa upishi huo na bibi yake kule Oaxaca, Meksiko. Hapa Marekani, mjini Inver Grove Heights, aliichanganya kahawa hiyo na pombe kali, akaijaza kwenye chupa ndogo nyeusi. Gentille alikuwa amemfanyia kazi miezi miwili. Mama wa watu hakujua kwamba msichana huyu mpole alificha bastola ya Glock 43 kwenye kifundo cha mguu.

Kidude sikioni kikakwaruza.

"Saba, unanipata?"

Alikuwa Wanjohi, mkuu wake katika kikosi cha kulinda mashahidi, ndani ya gari la RAV4 ng'ambo ya barabara.

"Nakupata." Saba lilikuwa jina lake la siri kazini.

"Plan imebadilika, manze. Wametuma mtu na sumu. Ashaingia hapo ndani."

"Sura?"

"Hatuna. Na mzee Hategekimana ametoroka maficho yetu ya New Hope. Simu ameizima. Anakuja kuonja kahawa yake."

Gentille akaweka mwiko chini. Hakuogopa. Tangu mwenzake Kalume apigwe risasi kule Woodbury, moyo wake ulikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Upo, lakini hausikii kitu.

Papa Hategekimana ndiye aliyekiuzia kiwanda kahawa ya Kivu. Mwaka jana alifungua gunia moja, akakuta dhahabu ya magendo. Kesho angesimama mahakamani, Saint Paul. Alikubali kueleza yote isipokuwa jina la aliyeificha. Akiulizwa, hujibu tu, "Nitafikiri."

Akifa leo, kesi ya wenye magendo inakufa naye.

Saa sita mchana wageni walijaa kuzindua chupa ya kwanza. Mzee akaingia, theluji mabegani, anatabasamu kama mtoto aliyeletwa harusini.

"Mama Socorro! Kahawa yangu iko wapi?"

Wanjohi aliona yote kupitia kamera ya kwenye kifungo cha aproni.

"Wahudumu ni watatu," akanong'ona. "Ni yupi?"

Gentille hakujua. Akaanza kupenya katikati ya watu. Kabla hajamfikia mzee, mhudumu mmoja akatangulia. Kijana nadhifu, jina kifuani: Elisée. Juu ya sinia, glasi moja.

"Papa, jambo sana. Mimi pia ni mtu wa Bukavu. Kunywa, Papa."

Mzee akaipokea.

Gentille akaitazama ile glasi. Ilikuja ikiwa imejaa.

Wamarekani wasingeona kosa. Lakini kwao Bukavu, alikotoka Gentille kama mzee, chupa hufunguliwa mbele ya mgeni, na anayemimina huonja kwanza, mgeni ajue hakuna sumu. Hakuna anayemletea mkubwa wake kinywaji kilichomiminwa mafichoni. Miaka minane ya Marekani ilikuwa imemsahaulisha mzee.

Elisée hakuwa amesahau. Alimimina mafichoni kwa sababu asingeweza kuonja.

Hatua nne. Gentille akaushika mkono wa mzee, glasi karibu na midomo.

"Samahani, Papa. Kaka Elisée, onja kwanza."

"Dada, mimi ni mlokole. Sinywi pombe."

"Nusu ya kanisa letu husema hivyohivyo. Lowesha midomo tu. Mungu atakusamehe."

Mzee akacheka. Elisée hakucheka.

Sinia likaruka. Kisu kikang'aa.

Gentille akakwepa, akamdaka mkono, akaupinda. Mfupa ukalia. Kufumba na kufumbua, Elisée alikuwa kifudifudi sakafuni, mdomo wa Glock kisogoni.

"Wanjohi, njoo umchukue. Glasi iende maabara."

"Uko sawa?"

"Njoo umchukue."

Mama Socorro alikuwa ameshika kifua. "Wewe ni nani?"

"Mfanyakazi wako, Mama. Mpaka leo."

Akafungua aproni, akaitundika, akatoka. Baridi ilimpiga usoni na hakuihisi. Akatembea taratibu kuelekea garini, mikono mifukoni.

"Binti!"

Mzee alikuwa amemfuata bila koti.

"Sikuwa nafikiri chochote. Nilikuwa naogopa."

Gentille akasimama. Hakumharakisha.

"Aliyeweka ile dhahabu ni Niyibizi," mzee akasema. "Mdogo wangu. Tumbo moja. Andika jina lake, binti. Kesho nitalisema mbele ya hakimu."