Msonyo wa Chumba cha Nyuma

Jua lilikuwa linazama fundi sauti alipoingia kazini, mtoto mgongoni, mkoba wa vyombo vya sauti begani. Dada yake anayemshikia mtoto aliamka anaumwa, na kazi haikumngoja mtu. Nyumba ilikuwa kuukuu, ya kukodi, na ndani yake walikuwa wanapiga filamu ya nyumba yenye mizimu.

Filamu gani! Tangu siku ya kwanza fundi sauti hakuona humo cha kumwogopesha hata kuku. Mzimu wenyewe alikuwa binti mmoja aliyepakwa unga usoni na kujifunga shuka. Kila akitokea alipiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole. Damu ilikuwa rangi iliyokorogwa na sabuni. Ilitoa povu.

"Leo nataka mayowe maradufu," alisema mwongozaji. Watu wake walimwita Profesa kwa sababu ya mdomo, si elimu. "Mtazamaji aruke kitini!"

"Hata mlango ukibamizwa mtu huruka," fundi sauti alijibu taratibu. "Kisha anacheka. Huko si kuogopa, bosi. Mtu huogopa akijua kuna mwingine ndani ya nyumba, na hamwoni."

"Mama Sikio, wewe shika nyaya zako. Vitisho niachie mimi."

Wakacheka wote. Mtoto mgongoni naye akaiga, he he he, wakazidi kucheka. Alikuwa hajajua kusema hata neno, lakini kila sauti aliyoisikia aliirudisha vilevile. Kikohozi cha baba yake, honi za barabarani, paka wa jirani.

Aliposinzia, mama yake alimlaza kitandani katika chumba cha nyuma, akamzungushia mito, akaacha mlango wazi kidogo. Mama mwenye nyumba alikuwa ameketi jikoni akingoja wamalize.

"Umemlaza humo?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ndiko kuliko na utulivu."

Yule mama aliutazama ule mlango.

Wakapiga tukio la mwisho. Binti wa unga akachomoka kabatini, akapiga mayowe, povu likamwagika. Profesa akapiga makofi peke yake.

"Ukimya, tafadhali," fundi sauti alisema.

Ndiyo ilikuwa desturi ya kazi yake. Kila chumba kina ukimya wake, na huo nao hunaswa, ili baadaye uzibe mapengo kati ya maneno. Kila mtu husimama alipo. Hakuna kukohoa. Hakuna hata kujikuna.

Alivaa hedfoni masikioni. Akawasha chombo.

Kimya...

Friji ya jikoni ilinguruma kwa mbali. Mtu alimeza mate. Halafu...

Msonyo.

Mrefu, wa meno makavu. Msonyo wa mtu aliyetazama upuuzi mpaka akachoka.

"Nani amesonya?" alinong'ona.

Wakatazamana. "Mimi sijasikia kitu," alisema fundi taa.

"Ni wewe mwenyewe," Profesa alimwambia. "Dharau zimekujaa mpaka zinavuja."

"Mimi nilifumba mdomo, bosi. Tunarudia."

Safari hii harufu ilitangulia. Mafuta ya nywele yaliyochacha, na nguo zilizokaa sandukuni miaka. Halafu msonyo tena, karibu zaidi. Akaigeuza maikrofoni polepole. Upande wa dirisha, hakuna. Upande wa kabati, hakuna. Upande wa chumba cha nyuma...

Msonyo.

Kisha sauti ya kike, laini, ya kubembeleza.

"Haya. Na wewe."

Alitupa hedfoni, akakimbia.

Mtoto alikuwa ameketi kitandani, macho angavu, ameielekea kona tupu. Hakulia. Ile mito aliyomzungushia ilikuwa imepangwa vizuri juu ya kiti.

Alimnyakua, akaenda naye jikoni. Mama mwenye nyumba hakuwa ametikisika.

"Mama... mle ndani kuna nani?"

"Mama mkwe wangu," alinong'ona. "Nisamehe, mwanangu. Mlikuwa wengi, nikadhani atatulia."

"Alikuwa mchawi?"

"Watu walisema. Mimi sikumwona na kibuyu wala hirizi, na hakunigusa hata siku moja. Nikipika, anasimama mlangoni, anasonya. Nikifagia, anasonya. Nilipojifungua, alinitazama, akasonya. Wake wa shemeji zangu walikimbia wote. Alipozikwa nikasema, sasa nitapumua. Nilikuwa naosha vyombo vya msiba, nikausikia msonyo mlangoni."

"Na watoto je? Anawadhuru?"

"Watoto aliwapenda." Alimtazama mtoto, akainamisha uso haraka. "Aliwafundisha. Wangu ni wakubwa sasa. Hakuna anayenisalimu."

Sebuleni, Profesa alikuwa amevaa hedfoni, anasikiliza kilichonaswa. "Kuna takataka humu kwenye ukimya," alifoka. "Futeni! Pachikeni mayowe."

Mjinga yule. Kitu pekee cha kutisha katika filamu yake nzima, na alikuwa anakifuta.

Fundi sauti aliacha vyombo vyote pale pale, akabeba mtoto, akaenda zake.

Nyumbani alimwogesha, akamnyonyesha, akakagua mwili wote. Hakuwa na hata mkwaruzo. Moyo ukaanza kutulia. Akampakata, akamwimbia ule wimbo wao wa kila siku, ambao mtoto huufurahia mpaka akapiga miguu.

Leo hakupiga miguu.

Alimtazama mama yake. Akamtazama kwa muda, bila kupepesa, mpaka wimbo ukamkauka mama mdomoni. Halafu ile midomo midogo, yenye meno mawili tu, ikabana...

Akasonya.

Mrefu, wa meno makavu.

Harufu ya mafuta yaliyochacha ikapita chumbani. Mtoto akageuza macho kuelekea mlangoni, nyuma ya mama yake, akatabasamu kama mtoto aliyepatia.