Maziwa ya Mchana

Kila asubuhi mwalimu wa jiografia alimnyonyesha mwanawe akiwa ameshavaa nguo za kazi, kitambaa kimetandazwa begani. Mtoto alikuwa na miezi minne. Alinyonya taratibu, macho ameyafumba, kidole kimeng'ang'ania kifungo cha blauzi ya mama yake. Kisha bibi yake alimchukua.

"Nipe mume wangu," alisema mama mkwe. "Wewe nenda kafundishe watoto wa watu."

Hakusema kwa ubaya. Lakini maneno yale, watoto wa watu, yalimsindikiza mwalimu mpaka shuleni.

Baba wa mtoto alikuwa dereva wa lori la safari ndefu. Alipiga simu kila alipopata mtandao. "Mko salama?" "Tuko salama." Yaliyobaki mwalimu aliyameza. Ungeanzia wapi kumweleza mtu aliye njiani?

Shuleni, kabla ya mapumziko, matiti yalijaa yakawa mazito kama mawe. Alivaa sweta hata jua likichoma, maziwa yakivuja wanafunzi wasione. Kengele ikilia, wenzake waliingia chumba cha walimu kunywa chai. Yeye alijifungia kwenye stoo ya ramani, iliyokuwa na sinki kuukuu. Alikamua kidogo tu kwenye sinki, maumivu yapungue, akafungua bomba yaende haraka. Hakupenda kuyatazama. Kisha alijifunga kitambaa kifuani, akakikaza, akajifuta uso.

Siku moja alisikia sauti ya mwalimu wa hesabu, mwanamke mwenzake, ikipita nje.

"Bosi wetu kajifungia tena. Chai yetu haimfai."

"Labda anakula kuku wake humo ndani," mwingine akajibu. Wakacheka.

Alisubiri mpaka sauti ya hatua zao ikaisha. Angewaambia nini? Kwamba anakamua maziwa, na walimu wanaume wamo? Afadhali waseme anaringa.

Wiki zilipita. Matiti yakaacha kujaa kama zamani. Jioni mtoto alinyonya, akaachia, akalia. Mwalimu aliona bakuli dogo mezani.

"Mama, hiki ni nini?"

"Uji mwepesi. Alilia, mwanangu. Ulitaka nimtazame tu?"

 Mtoto akaanza kuharisha. Kliniki, alikokwenda na mama mkwe, mshale wa mizani ulisimama palepale pa mwezi uliopita. Muuguzi alimpima tena, akasema hajaongezeka.

"Basi naacha kazi," alisema mwalimu. Machozi yakamtoka mbele ya mkwewe. Kazi ile aliisomea kwa miaka mingi, na aliipenda.

"Nani kakwambia uache kazi?" aliuliza muuguzi. "Hebu kaa. Ukiwa shuleni, maziwa ya mchana yanakwenda wapi?"

"Nayamwaga."

"Unayamwaga?"

"Si yameshatoka mwilini? Yakikaa si yanaharibika?"

"Ya ng'ombe mbona huyamwagi?" Muuguzi alitabasamu. "Sikiliza, dada. Titi si tangi, kwamba ukifunga koki maji yanakusubiri. Likikaa limejaa, mwili unaona hayatakiwi, unapunguza. Ukikamua mpaka lilegee, mwili unatengeneza mengine. Tena hicho kitambaa ninachokiona kifuani, acha kujifunga."

Alimwonyesha kwa vidole vyake mwenyewe. Nawa mikono kwa sabuni. Shika kikombe chenye kifuniko, kilichooshwa na kuchemshwa. Bonyeza nyuma ya sehemu nyeusi, usivute chuchu. Kamua titi moja, kisha la pili.

"Nje, pasipo na joto kali, yanakaa muda wa saa nne tu. Kwenye friji yanakaa siku tatu. Njiani yabebe na barafu."

"Na mimi nimpe mume wangu maziwa ya jana?" aliuliza mama mkwe.

"Ndiyo, Mama. Lakini usiyachemshe. Weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto, yapate uvuguvugu. Mnyweshe kwa kikombe kidogo, polepole. Atakayobakiza mwaga, usimpe tena. Uji usubiri atimize miezi sita. Na kuharisha huku kusipokoma, mrudisheni hapa mara moja."

Mama mkwe alimgeukia mwalimu. "Mbona hukuniambia kwamba unapata shida?"

"Niliona haya, Mama. Na mkuu wetu wa shule ni mwanamume."

"Kwani yeye hakunyonya?" alisema muuguzi. "Aliokotwa?"

Kesho yake mwalimu aliingia kwa mkuu wa shule. Aliomba stoo ile iwe yake wakati wa mapumziko, nafasi kwenye friji ya jikoni, na kipindi kimoja kisogezwe. Mkuu alitazama dirishani, akajikuna shingo.

"Hilo tu?" alisema. "Nilidhani umekuja kuaga."

Siku za kwanza yalitoka matone, hayakufunika hata chini ya kikombe. Alikata tamaa, akakumbuka maneno ya muuguzi, akakamua tena. Nyumbani alimnyonyesha mtoto kila alipotaka. Polepole kikombe kikajaa nusu. Kuharisha kukakoma. Mama mkwe alimpakata mjukuu na kumwekea kikombe mdomoni.

"Mtazame mume wangu," alisema. "Anakunywa kama mzee wa mkahawani."

Kliniki, mshale ulisogea mbele.  Muuguzi alimwinua mtoto juu ili mama yake amwone vizuri.

Hata hivyo, mapumziko yalibaki marefu. Kicheko cha wenzake kilimfikia stoo kama redio ya jirani.

Siku moja mlango uligongwa.

"Mwalimu, uko humo?" Ilikuwa sauti ya mwalimu wa hesabu.

Alitaka kukaa kimya, kama zamani. Lakini mikono ilikuwa kazini, na kikombe kilikuwa kinajaa.

"Nipo. Namkamulia mtoto maziwa."

Nje kiatu kilikwaruza sakafu. Alidhani mwenzake anaondoka.

"Mimi wangu nilimwachisha kunyonya akiwa na miezi miwili," ilisema sauti, chini chini. "Nilikuwa najificha chooni. Nikachoka. Sikumwambia mtu."

Mwalimu aliusogelea mlango, kikombe mkononi.

"Unachukua muda gani humo?" mwenzake akauliza.

"Bado kidogo. Limebaki la pili."

"Basi kamua. Nipo hapa, sina haraka."

Mwalimu alisikia kiti kikiburutwa mpaka mlangoni, na mtu akikaa.