Somo la Kumi na Tatu

Haya kaniambia mjukuu wangu mwenyewe, Jumamosi iliyopita mchana, akinisuka nywele. Kazi yake ni kuwasaidia walimu wa chuo cha ufundi kupanga masomo yao na kuyaweka mtandaoni, mwanafunzi ayapate kwenye simu hata akiwa kwao.

Siku ya usajili ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Yeye kavaa gauni lake la njano, mara akahisi anavutwa begani. Kugeuka, mkanda wa mkoba wake umenaswa na bomba lililokuwa kwapani mwa mwanamume mmoja, ovaroli lake la bluu limepigwa pasi mpaka lina mstari. Alikuwa mwalimu wa mabomba.

"Samahani, dada. Bomba hili halina adabu."

"Na mwenye nalo je?"

"Mwenye nalo bado anajifunza."

Yakaanzia hapo. Mwalimu akaja ofisini kwake na kurasa tisini za maelezo, anataka azisome zote mbele ya kamera. Mjukuu wangu akamwambia hakuna aliyewahi kujua kuunga bomba kwa kusomewa. Wakaikata kozi vipande kumi na viwili, kila kimoja dakika sita, kamera inatazama mikono tu, na mwisho wa kila somo swali moja. Aliipenda ile mikono, kaniambia bila haya. Kila kipande kikiisha, jioni mwalimu alipiga simu kuuliza kama kafaulu, naye akimjibu, "Umefeli, mpenzi, rudia kesho," ili kesho aje tena.

Kozi ilipokamilika, mwalimu akabadilika. Salamu zikawa fupi, akaanza kumwita "mwenzangu", simu ya jioni ikakoma. Mjukuu wangu akajiuliza kamkosea nini, na kumuuliza akaogopa. Wiki ya tatu akaandika barua kuomba ahamishiwe tawi jingine la chuo, mbali, ampishe.

Ijumaa ya wiki hiyo, hata kabla hajajibiwa, akaanza kukabidhi kazi. Siku zote yeye huingia kwenye kozi za walimu kama mwanafunzi, aone wanachokiona wanafunzi. Siku hiyo, kwa ajili ya makabidhiano, akaingia kama mwalimu. Chini ya masomo kumi na mawili akakuta la kumi na tatu. Limefichwa.

Akalifungua. Ile mikono inaunga mabomba mawili, taratibu, halafu inayafuta kwa kitambaa. Mwishoni swali moja: Utakubali nikuoe? Majibu ya kuchagua: Ndiyo. Ndiyo, ila nipe muda. Hapana. Tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma.

Akampigia.

"Mbona somo la kumi na tatu umelificha?"

"Nililificha wanafunzi wasilione. Wewe ulikaa nalo wiki tatu, jibu nikalielewa."

"Na mimi huingia kama nani kwenye kozi zenu?"

Kule kwa mwalimu kitu cha chuma kikaanguka sakafuni.

"Mama yangu," akasema polepole. "Mimi naliona kila siku."

"Unaliona kwa sababu wewe ndiye mwalimu, mpenzi. Nilikwambia uangalie kama mwanafunzi kabla hujaenda nyumbani."

"Kwa hiyo nimefeli?"

"Subiri."

Ili ajibu kama mwanafunzi ilibidi kwanza alifichue. Akalifichua, akachagua Ndiyo, na kwa furaha akasahau kulificha tena. Kufika saa kumi, wanafunzi thelathini na wanane walikuwa wameshakubali kuolewa na mwalimu wao, na mmoja kaomba muda.

Barua nayo, mkuu wa idara alikuwa hajaisaini. Akaitoa kwenye droo, akamrudishia mjukuu wangu, akasema alikuwa anangoja kwanza macho yake yaache kuwa mekundu.

Mjukuu wangu alipofika hapo, vidole vyake vikasimama kichwani kwangu. Kugeuka, kalala, shavu kwenye mto, kitana mkononi. Wiki tatu zile hakupata usingizi wa maana. Nusu ya kichwa changu imesukwa, nusu imesimama wima. Simu yake ikaita, nikaipokea.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Mwenzio kalala."

"Usimwamshe. Nitamngoja hapa hapa kwenye simu."

Nikaiweka kando ya mto wake. Hazikupita dakika tano nikamsikia mwalimu naye, mle simuni, anakoroma.